Kiti cha Kushoto

Gari la baba lilinuka mawese. Kabla halijawa letu lilikuwa limebeba madumu ya mafuta hayo kwa miaka ambayo hakuna aliyeweza kuihesabu, na mafuta yalikuwa yamemwagika na kuzama chini ya viti hadi kwenye bati. Jua la kiangazi lilipoanza kuchoma mapaa ya Rumonge, harufu ilipanda taratibu na kutukaa kooni, kana kwamba mtu amesahau sufuria jikoni. Juu yake ilikaa harufu ya ndagala wakavu, dagaa wa ziwa letu, na ya plastiki iliyokaangwa na jua. Lilikuwa gari dogo, lililowahi kuwa jeupe, lenye mlango mmoja wa kijani uliotolewa kwenye gari jingine. Lilikuwa limevuka bahari, likapita Tanzania, likapita mikononi mwa watu watatu kabla ya kumfikia baba, na usukani wake ulikuwa kulia. Kwetu Burundi magari hupita upande wa kulia wa barabara. Dereva wa gari la namna ile huketi ukingoni, karibu na mtaro, na akitaka kulipita lori lililo mbele yake hawezi kuona kinachokuja mpaka alitoe gari zima nje. Ndiyo sababu, baba alisema, anahitaji mtu wa kukaa kiti cha kushoto na kumwambia kama barabara iko wazi. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi, na shule zilikuwa zimefungwa.

Baba alikuwa dereva tangu kabla sijazaliwa. Miaka mingi aliendesha lori la tajiri mmoja wa michikichi, akipanda nalo milima hadi Bururi na kushuka tena ziwani. Mwaka ule aliliacha lori ghafla, bila kugombana na mtu. Akauza kipande cha shamba alichoachiwa na babu kule Gatete, akanunua gari hili abebe abiria kati ya Rumonge na Nyanza-Lac. Mama alishangaa, lakini alikuwa mtu wa kungoja jambo lijieleze lenyewe. Mtaani kwetu, kwa Waislamu wa Rumonge, ambako kila nyumba ina fundi, mvuvi au mchuuzi, kuwa na gari lako mwenyewe, hata liwe bovu, kulikuwa heshima. "Papa Hadija, sasa umekuwa patron!" watu walimwambia, yaani bosi, wakimwita kwa jina langu ingawa kaka yangu Shabani ndiye mkubwa. Baba alicheka, akigeuza uso upande sauti ilikotoka, akitazama pembeni kidogo ya mtu mwenyewe. Hilo la kutazama pembeni niliona, ila sikulielewa. Mtoto huona mengi kuliko anayoyajua.

Tulikuwa na maneno mawili, mimi na baba. Nikisema "kweupe," alitoa gari nje na kupita. Nikisema "funga," alibaki nyuma ya lori, tukila vumbi na moshi wake. Siku za mwanzo niliona fahari isiyo kifani. Watoto wenzangu walikuwa wakichota maji na kupepeta mchele, na mimi nilikuwa mbele ya gari, shingo nimeinyoosha, nikimwamuru baba yangu. Wiki ya pili tulikuwa nyuma ya lori la matofali, nikasema "kweupe," na kumbe kwenye bonde dogo la barabara kulikuwa na basi lililojificha. Lilichomoza mbele yetu likipiga honi. Baba alirudi nyuma ya lori kwa upana wa kiganja. Abiria walipiga kelele. Baba hakunigombeza. Alisimamisha gari pembeni, akasema kwa upole, "Hadija, mama, ukiwa na mashaka sema funga. Ukiwa huna mashaka, angalia tena." Tangu siku hiyo fahari ilikwisha. Kila asubuhi nilipoisikia injini ikikohoa uani, nilikwenda msalani mara mbili, tatu, mama akadhani nina minyoo, akaninywesha dawa chungu ya majani.

Polepole baba alianza kuniuliza zaidi ya malori. "Iko nini kule mbele, mama?" Ng'ombe. "Upande gani?" Kulia. "Ule ni mutu ao ni muti?" Ni mtu, baba, anaomba gari. Niliyajibu yote, nikiamini kuwa usukani wa kulia ndio wenye taabu hizo. Nyumbani alisogeza msahafu karibu na pua. Alisema jua la kiangazi lina weupe mbaya, na kweli lilikuwa nalo. Milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa ilikuwa imepotea katika moshi wa mashamba yanayochomwa, na maji yaliwaka kama bati jipya. Mimi mwenyewe nilifumba macho nusu. Nani angesema kwamba weupe anaouona baba si huo tunaouona sote? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mwenye kuficha hajui kama anaficha maradhi au anaficha chakula cha watoto wake.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya soko Nyanza-Lac. Tuliondoka Rumonge asubuhi na abiria wawili tu. Mmoja alikuwa fundi mwashi aitwaye Nestori, ambaye alilala kabla hatujatoka mjini. Mwingine alikuwa Mama Furaha, mwanamke mnene mchangamfu aliyekuja miaka mingi nyuma kutoka upande wa Uvira, Mkristo wa kuimba kwaya, mwuza vitenge. Mizigo yake miwili ilijaza buti na nusu ya kiti cha nyuma, na yeye na Nestori wakabanana katika iliyobaki. Alipenda kunitania. "Shoferi mudogo," aliniita, "leo utanifikisha ao utaniacha?" Nilimwambia nitamfikisha. Tulipita michikichi, tukapita kituo cha Kigwena chenye vibanda na magenge ya ndizi, tukaingia msituni.

Msitu wa Kigwena si mkubwa, lakini mtoto aliyekulia kwenye mtaa wa mapaa ya bati huona hauna mwisho. Miti inakutana juu ya barabara, na mwanga unakatika ghafla kama mtu amefunga dirisha. Tulikuwa tumeingia hatua chache tu katika kivuli hicho niliposikia mlio chini ya boneti, mlio mfupi, *pwaa*, kama chungu kilichopasuka jikoni. Mara ile ile moshi mweupe ukapanda ukaziba kioo chote cha mbele. Haukuwa moshi, ulikuwa mvuke. Ulinuka kutu na maji ya moto, nao uliingia ndani kwa matundu ya chini ukaniunguza miguu. Sikuona barabara wala miti. Baba aliita, "Hadija! Hadija, iko nini?" Nilitoa kichwa dirishani. Kona ilikuwa mbele yetu, na nyuma ya kona kulikuwa na ngurumo ya lori linalopanda. Nikapiga kelele, "Kulia, baba, kulia, kulia!" Aliuzungusha usukani, gari likagonga ukingo, injini ikakata, tukasimama nusu mtaroni na nusu barabarani. Lori lilitupita likiwa na mikungu ya chikichi hadi juu, likipiga honi mfululizo, na upepo wake ukatikisa mlango wangu. Nestori aliamka akauliza kama tumefika.

Tulishuka. Nestori na Mama Furaha walisukuma gari hadi nyasini huku mimi nimesimama konani, nimeagizwa nipunge kanga ya Mama Furaha kwa gari lolote litakalokuja. Halikuja lolote. Baada ya lori lile msitu ulirudi kimya, kile kimya kisichokuwa kimya, chenye majani yanayotikisika pasipo upepo na nyani wanaobweka mbali. Nestori alipangusa mikono, akasema Nyanza-Lac haiji yenyewe, akatia mfuko wake begani akashika njia kwa miguu. Tukabaki watatu.

Baba alifungua boneti akangoja. Alikuwa fundi mzuri, hilo naliapia. Aligusa huku na kule kwa ncha za vidole, akiipulizia mikono, mpaka akaupata mpira wa maji uliopasuka, ule mnene unaotoka kwenye radieta. Aliufunga kwa utepe uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, akiuvuta na kuuzungusha mara nyingi, bila kuutazama hata kidogo. Macho yake yalikuwa juu, kwenye matawi. Alipomaliza akafungua kifuniko cha radieta kwa kitambaa, akasema, "Leteni bido." Mama Furaha akampa dumu letu la maji, moja tu tulilokuwa nalo. Baba akaliinamisha. Maji yakatoka vizuri, mkondo mzima mzito, yakamwagika pembeni mwa tundu, upana wa vidole vitatu kutoka pale yalipotakiwa kuingia. Yakatiririka juu ya injini yakichemka, yakashuka mchangani. Baba aliendelea kumimina, ameinamisha kichwa akisikiliza, uso wake umetulia kama wa mtu anayefanya kazi sawasawa. Mama Furaha alinitazama. Mimi nilitazama maji. Nilitaka kusema, "Baba, si hapo," lakini neno lilikataa kutoka, kwa sababu ningelisema yeye angejua kwamba nimejua. Dumu likaisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Imejaa?" baba akauliza.

"Bado, Papa Hadija," alisema Mama Furaha taratibu. "Inapitisha maji. Tuende na mutoto tulete ingine."

Tuliingia msituni kufuata sauti ya kijito. Kiangazi kilikuwa kimekipunguza kikabaki uzi wa maji kati ya mawe, na ilitubidi tuchote kwa kifuniko cha dumu, kidogo kidogo. Niligeuka kila mara kutazama nyuma. Hofu yangu haikuwa ya nyani, wala ya watu wabaya ambao wakubwa walisema hukaa misituni. Niliogopa kwamba baba yuko peke yake barabarani, na gari likija hatalijua liko upande gani. Mama Furaha alichuchumaa mbele yangu, akanishika kidevu kwa mkono uliolowa.

"Hadija, unieleze ukweli. Baba yako anaonaka?"

"Anaona," nilisema.

"Anaona namna gani, na maji alimwanga yote inje?"

"Anaona. Ni jua tu."

"Hapa haiko jua, mwanangu. Ule ni mutoto wa jicho. Mama yangu alikuwa naye. Anakufunika polepole, polepole, mpaka siku moja hujue hata mukono yako."

Sikuwahi kulisikia jina hilo la maradhi. Mtoto wa jicho: nilidhani ananitaja mimi. Nilidhani anasema kwamba mimi, niliyekaa kiti cha kushoto kiangazi chote, ndiye ninayemfunika baba macho. Nikaanza kulia, naye hakujua kwa nini. Nililia huku nikirudia kwamba anaona, anaona, anaona, na kila niliporudia, uongo ule ulizidi kuwa mwepesi mdomoni na mzito kifuani.

Tuliporudi baba alikuwa ameketi ndani ya gari, mikono juu ya usukani. Maji aliyamimina Mama Furaha mwenyewe, na baba hakushindana naye. Alipofunga boneti, mama yule akasema, "Papa Hadija, wacha tungoje hapa. Shoferi yoyote akipita, tumuombe aturudishe Rumonge." Baba alijibu kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia, sauti kavu, "Barabara hii naijua kuliko nyumba yangu. Mupira hautachukua mpaka Nyanza-Lac, lakini mpaka Rumonge utafika. Asiyetaka, abaki." Mama Furaha alitazama vitenge vyake, akanitazama mimi. Angeweza kubaki. Angeshusha mizigo yake na kuikalia mpaka basi lipite. Badala yake alifungua mlango wa nyuma, akaketi katikati, akaweka mkono wake begani mwangu kupitia pembeni mwa kiti. "Siwezi kuacha huyu mutoto," alisema, si kwa baba wala kwangu.

Tulirudi kwa mwendo wa mtu anayetembea. Baba alinipa kazi mbili sasa: nitazame barabara, na nitazame mshale wa joto pale mbele ya usukani, kwa sababu ukigusa wekundu lazima azime injini mara moja. Kutazama mshale kulitaka niiname kuelekea kwake. Kutazama barabara kulitaka niegemee mlango wangu. Nilikuwa nikienda na kurudi kama jembe la mkulima. Tulitoka msituni, mwanga ukatupiga usoni kama kofi, na michikichi ikaanza. Nyuma yangu Mama Furaha aliomba kwa sauti ya chini, "Yesu, Yesu wangu," na upande wangu wa kulia baba alisoma dua moja moja. Vibanda vya Kigwena vikaonekana. Mbele yetu kulikuwa na mkokoteni uliosimama, umejaa mikungu ya ndizi.

"Kuna mkokoteni kulia, baba."

"Kushoto kweupe?"

Mshale ulikuwa unapanda. Niliuona ukisogea kama mdudu, unakaribia ule wekundu, nami nilikuwa nimeinama kwake, nimeukodolea macho, na nilisema "kweupe." Nilisema bila kutazama. Neno lilitoka lenyewe kwa mazoea. Baba akalitoa gari.

Sauti haikuwa kubwa. Ulikuwa mgongano wa bati na kitu laini, halafu vyuma vikiburuzwa, halafu mwanamke mmoja kibandani akamwita Mungu wake kwa sauti, "Mana yanje!" Baba akakanyaga breki. Nilipoinua macho, barabara yote mbele ya gari ilikuwa nyekundu. Wekundu ulikuwa ukienea, mzito, unang'aa juani, unafuata mashimo ya lami na kuyajaza moja baada ya jingine. Katikati yake lilikuwepo gurudumu la baiskeli, bado linazunguka. Mtu sikumwona.

Sijui nilifunguaje mlango. Nakumbuka nimesimama na viatu vyangu vimezama katika wekundu ule wa vuguvugu. Baba alishuka upande wake, akashika boneti kwa mkono mmoja, akaja akiifuata mpaka mwisho wake, akasimama.

"Hadija," aliita. "Hadija, ni damu?"

Nilitazama lile gurudumu.

"Mama, niambie. Ni damu?"

Watu walikuwa wameanza kukimbia kutoka vibandani. Baba alipiga magoti pale pale, na suruali yake ya kwendea safari, akachovya vidole chini, akavileta puani. Nilimwona akinusa. Nilimwona akifumba macho yake ambayo hayakumsaidia kitu, mabega yake yakashuka, na akatoa pumzi ndefu iliyokatika katikati. "Mawese," alisema. "Alhamdulilahi. Ni mawese."

Mwenye baiskeli alikuwa mtaroni. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, aliyekuwa amefunga madumu manne ya mafuta nyuma ya baiskeli akiyapeleka soko la Nyanza-Lac. Alikuwa ameketi kwenye nyasi, kiwiko kimechubuka, akiyatazama mafuta yake yakiondoka. "Ndi muzima," alisema kwa Kirundi, akijihakikishia mwenyewe, "ndi muzima," niko hai. Lakini watu waliokusanyika hawakutaka kusikia hilo. Mmoja alimshika baba kola. Mwingine alipiga kioo cha gari kwa ngumi. "Ulikuwa unaangalia wapi? Umelewa?" Nilijua umati unaweza kumfanya nini dereva. Nilikuwa nimesikia wakubwa wakisimulia. Mwanamke wa kibandani alininyooshea kidole: "Nilisikia huyu mutoto anamwambia apite. Dirisha lilikuwa wazi. Mutoto ndiye alimwambia!" Macho yote yakanigeukia. Nilijikuta nimemshika Mama Furaha gauni kwa mikono miwili.

Hapo baba akainua mkono. Mikono yake ilikuwa inadondosha mafuta, kola yake bado iko mkononi mwa mtu. "Muache mutoto," alisema. "Mutoto hana kosa. Kosa ni langu. Mimi sioni." Kelele zilipungua kidogo, akarudia kwa Kirundi ili asibaki mtu asiyeelewa, na akaongeza, "Ni mwaka na nusu sasa. Sijamwambia mutu, hata mke wangu." Yule aliyemshika kola akamtazama machoni kwa karibu, kama anayetazama ndani ya kisima, kisha akamwachia polepole. Mama Furaha alisogea mbele, akasema na watu kwa lugha zote alizokuwa nazo, akaeleza mpira uliopasuka, na msitu, na maji. Mwenye baiskeli aliinuka, akaja mpaka mbele ya baba. Nilidhani atampiga. Akamwambia, "Nami nilikukuta uko unakuja pole pole, nikadhani unaniachia njia." Halafu akakaa tena chini.

Gari liliachwa pale Kigwena, chini ya uangalizi wa mwenye kibanda. Tulirudi Rumonge nyuma ya lori la mtu wa huruma, tumekalia vitenge vya Mama Furaha, baba katikati yetu, amenishika kifundo cha mkono badala ya kiganja, kama ashikavyo mtu anayeongozwa. Mama alikuwa uani akipepeta mchele. Alituona tunaingia kwa miguu, nguo za baba nyekundu, akaangusha ungo. Baba alimwambia kwa maneno machache, wamesimama vile vile. Nilingoja apige kelele. Hakupiga. Alisema tu, "Ndiyo maana uliacha lori," akamletea maji ya kunawa, akamwosha mikono mwenyewe, kidole kwa kidole. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko. Nilipomwambia mama kwamba nilisema kweupe bila kutazama, alinivuta akaniketisha mapajani, mtoto mkubwa wa miaka kumi, akaniambia kwamba baba angekuwa na macho yake asingeniuliza. Nilimwamini mchana. Miezi mingi baada ya hapo nilishtuka usingizini nikiwa na neno lile mdomoni, na dada yangu aliyelala nami alinifunika kichwa kwa shuka.

Gari liliuzwa kwa fundi aliyehitaji vipuri, na sehemu ya kwanza ya malipo ilikwenda kwa mwenye baiskeli, ikafuatwa na mafuta yake yote, dumu kwa dumu, kadiri mama alivyoyapata. Baba alikaa gizani miaka minne. Alijifunza kusuka kamba za nyavu kwa kugusa, akawa hodari wa kazi hiyo, lakini hakukaa tena mbele ya nyumba jioni kama wenzake. Hatimaye Mama Furaha, ambaye hakuacha kupita kwetu kila alipokuja mjini, alituletea habari kwamba madaktari wa macho wamefika hospitalini. Jicho la kulia lilirudi. La kushoto lilikuwa limechelewa mno. Siku walipomfungua bandeji alinitazama kwa muda mrefu, nami nilikuwa nimekuwa msichana wa miaka kumi na minne, mrefu kama mama. Akasema, "Kumbe umefanana na bibi yako."

Leo ninaishi Bujumbura na ninafundisha shule. Barabara ile ile ninaipita mara mbili kwa mwaka kwenda kuwasalimu. Ziwa limepanda, limekula nyumba za ufukweni tulizozijua, na mahali pengine maji yanalamba ukingo wa lami. Magari ya usukani wa kulia yamejaa kuliko zamani, na mengi siku hizi yanalala kwenye foleni kungoja petroli, madereva wakiyasukuma kwa mikono hatua baada ya hatua. Wenye miwani ya daktari ni wengi, na mtu akisema haoni hakuna anayemcheka. Nina mtoto wa miaka kumi. Simwachi akae kiti cha mbele. Akiuliza kwa nini, namwambia ni sheria, na sielezi zaidi. Nikikaa mimi mwenyewe mbele, katika teksi au gari la jamaa, nakamata mpini wa mlango toka mwanzo wa safari hadi mwisho, na sijawahi kujifunza kuendesha.

Nilikwenda Rumonge likizo iliyopita. Baba amezeeka, anasuka kamba bado, sasa kwa kupenda. Tulikuwa wawili tu barazani, mama amekwenda msibani, na sijui nini kilinifanya niulize jambo ambalo miaka yote sikuliuliza. Nilimwuliza kwa nini alinichukua mimi. Kaka yangu Shabani alikuwa na miaka kumi na saba. Wajomba walikuwepo. Kwa nini ampe mtoto wa miaka kumi kazi ile.

Aliendelea kusuka.

"Mukubwa angeniuliza," alisema. "Shabani angeniuliza siku ya kwanza. Wewe ulikuwa hujui kuuliza."

"Basi si ungekwenda peke yako, baba, kama ulikuwa unaijua barabara."

Aliweka kamba chini. "Peke yangu?" alisema, na jicho lake moja lilinitazama mimi hasa, si pembeni. "Mama, kila asubuhi nikiwasha ile gari, nilikuwa ninaogopa kuenda peke yangu."

Miaka yote hiyo nilidhani mwenye kuogopa mle garini nilikuwa mimi tu.